Kukagua aina za data kabla ya kila komiti

Lugha ya Python ilipata moduli ya typing, ya kutangaza aina za data kwenye msimbo, mwaka 2015, katika toleo la 3.5, lakini yenyewe haizuii programu kuendeshwa pale aina za data zinapogongana. Kazi ya kuigundua migongano hiyo hufanywa na mypy, zana ya kukagua aina, nayo hufaa zaidi ikijiendesha kila mwanatimu anapofanya komiti, yaani anapohifadhi mabadiliko yake, kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo.

Sakinisheni pre-commit, zana inayoendesha ukaguzi kabla ya kila komiti, ongezeni mypy kwenye faili la .pre-commit-config.yaml mkitaja toleo mahususi, kisha kila mmoja aendeshe amri ya pre-commit install kwenye nakala yake.

Hapa ndipo wengi hukwama: pre-commit huiweka mypy katika mazingira yaliyotengwa, yasiyoziona maktaba za mradi wenu, kwa hiyo maktaba zenye maelezo ya aina lazima ziorodheshwe chini ya additional_dependencies, la sivyo kila kitokacho humo huhesabiwa kuwa Any, aina inayokubali chochote, na makosa hupita kimya kimya. Mathalani, kitendakazi kilichotangazwa kurudisha int kikiandikwa kirudishe None mteja asipopatikana, mypy huizuia komiti na kutaja mstari wenyewe.

Kwa mradi mkongwe, nawasihi muanze na folda moja. Na kwa kuwa chaguo la --no-verify la amri ya git commit huuruka ukaguzi huu, uendesheni tena kwenye seva, kwa mradi mzima.