Marathoni ya Kwanza: Namna ya Kuitayarisha Akili

Ninaowafundisha mbio hapa Mombasa, marathoni ya kwanza ikikaribia, wengi huuliza swali lile lile: "Kocha, nikichoka huko njiani itakuwaje?" Jibu huandaliwa wiki nyingi kabla, hivi.

Hatua ya 1: Weka malengo matatu, si moja

Andika muda wa siku ikiwa na ubaridi, muda wa siku ya joto, na la tatu: kumaliza tu. Mwenye lengo moja la saa, likimponyoka kilomita ya 20, hana tena anachokimbilia. Na joto la huku si la kubishana nalo. Hewa ikiwa na unyevu, jasho hutiririka tu bila kukauka na mwili haupoi. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Kenenisa Bekele, aliyekuwa ametawala mbio hizo miaka mitano mfululizo, aliacha akiwa kwenye mzunguko wa mwisho, na dhahabu ikaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Ikiwa Bekele alishindwa, wewe kupunguza mwendo si aibu.

Hatua ya 2: Jua nani anayesema kilomita ya 32

Marathoni ni kilomita 42.195, lakini mbio zenyewe huanza baada ya 30. Hapo ndipo sukari iliyowekwa akiba kwenye misuli na ini hupungua sana, na ubongo nao huitegemea sukari hiyo. Basi ile sauti ya "mimi si mtu wa mambo haya" mara nyingi ni njaa. Ijibu kwa kinywaji cha sukari, usiingie nayo kwenye mjadala. Ila uanze kunywa mapema, kabla haijasema.

Hatua ya 3: Zoea kukataa

Hii ndiyo ninayoikazania. Jumapili ya mbio ndefu, toka Mama Ngina baada ya swala ya alfajiri, vuka daraja la Nyali, endelea upande wa Bamburi, kisha geuza. Panga urudi jua likiwa limeshawaka. Ukifika Kongowea umechoka, matatu itapunguza mwendo ubavuni mwako na makanga atagonga bodi: "Posta, Ferry! Panda twende, mzee!" Kiti kipo, nauli unayo mfukoni. Hilo ndilo jaribio lako.

Mwambie asante, kisha fanya mambo matatu kwa mpangilio: shusha mabega, kunjua vidole, chagua mlingoti mmoja wa umeme mbele yako. Ukiufikia, chagua mwingine. Usihesabu kilomita zilizobaki. Jaribu na kutabasamu. Eliud Kipchoge hufanya hivyo makusudi maumivu yakimzidi. Masikioni usiweke muziki siku hiyo, unataka kuisikia akili yako inavyolalamika ili uizoee.

Hatua ya 4: Tafuta neno lako

Liwe fupi, la lugha unayolilia ukijikwaa. Wengine hushika dhikri, wengine "nafika, nafika". Maneno makubwa ya kwenye fulana hayafiki mbali.

Hatua ya 5: Andika "ikiwa… basi"

Tumbo likichafuka, nitatembea dakika moja. Nikipitwa na rafiki, nitamwacha aende. Na hili liandike kwa wino mwekundu: nikihisi kizunguzungu, au baridi mwilini katikati ya jua, nitasimama na kuita msaada. Hapo ujasiri hauna kazi.

Hatua ya 6: Usiku wa mwisho

Usingizi ukikataa, uache. Uliolala siku zilizotangulia ndio utakaokubeba zaidi.

Hatua ya 7: Wapange watu wako

Jamaa wote hupenda kusimama mwisho, penye picha. Waombe wawili waje kilomita ya 34 au 35, mahali patupu pasipo na shangwe. Waambie mapema wasiseme "umebakisha kidogo tu". Mtu mwenye kilomita saba mbele yake atawachukia. Wakuite jina, wakupe maji, na wasikuulize unajisikiaje.