Kulinda ngozi dhidi ya maji ya bwawa: mwongozo kwa ndugu zetu walioko ughaibuni na wanaorudi Moshi na Arusha likizo

Kwa familia nyingi zilizotoka Machame, Marangu, Tengeru au Usa River na kuhamia Ulaya, bwawa la kuogelea huingia maishani kupitia watoto. Shule za msingi za England zinatakiwa kumfundisha mtoto hadi aweze kuogelea angalau mita 25 kabla hajamaliza elimu hiyo, na huko Uholanzi wazazi huwapeleka watoto kusomea vyeti vya kuogelea vya A, B na C. Basi mtoto anaingia majini kila wiki, joto au baridi, na baada ya muda mama anaona miundi imepauka, viwiko vimekauka, na usiku mtoto anajikuna hadi usingizi unakatika. Hapo ndipo simu inapopigwa nyumbani Moshi: tutumieni mafuta.

Mafuta tutayatuma kwa moyo mkunjufu, lakini kwa wengi shida haiko kwenye kopo la mafuta. Iko katika zile dakika chache kati ya kutoka majini na kuvaa nguo, na mzazi anayezitumia vizuri huona nafuu hata kwa mafuta ya bei ndogo kabisa.

Ngozi yenye afya ina tabaka jembamba la mafuta yake yenyewe, nayo ina uchachu kidogo, kiasi cha pH 5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu hupungua). Maji ya bwawa linalotunzwa vizuri huwekwa kati ya pH 7.2 na 7.8, na klorini iliyomo, ambayo kazi yake ni kuua vijidudu, huondoa pia sehemu ya yale mafuta. Klorini ikikutana na jasho, mkojo na mabaki ya losheni za waogeleaji hutengeneza kemikali ziitwazo kloramini, ambazo huwasha macho, koo na ngozi. Ile harufu kali inayowapokea watu mlangoni, ambayo wengi huichukulia kuwa dalili ya usafi, kwa kawaida ni harufu ya kloramini, na katika mabwawa ya ndani hutuama kwa kuwa hewa haitoki vizuri. Wakati wa baridi ya Ulaya ngozi hiyo iliyopungukiwa mafuta inarudi katika nyumba yenye hewa iliyokaushwa na vipasha joto, na kwa anayeishi London kuna pia maji magumu ya bomba, yenye chokaa nyingi, ambayo huacha mabaki ya sabuni mwilini.

Kabla ya kuingia bwawani, mtoto aoge kwa maji matupu kwa dakika moja hivi, nywele zikiwemo. Ngozi na nywele zilizokwisha kunywa maji safi hupokea maji ya dawa kwa kiasi kidogo zaidi, na jasho linalobaki bafuni halitazalisha kloramini. Mwenye pumu ya ngozi apakwe vaselini kidogo nyuma ya magoti, kwenye mikunjo ya viwiko na popote panapomsumbua. Kumpaka mwili mzima hakufai, kwa kuwa mafuta hayo huishia majini na kuitumia klorini bure.

Akitoka, asikae na nguo ya kuogelea iliyolowa huku akila chipsi na kusubiri wenzake. Aivue, aingie bafuni mara moja, ajimwagie maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya moto humaliza mafuta machache yaliyosalia. Wasichana wenye misuko wanahitaji uangalizi wa peke yake: rasta hufyonza maji ya bwawa na kuyadondosha taratibu shingoni na mgongoni hata baada ya kuoga, na ndiyo maana wengine huwashwa mabegani tu bila kujua sababu. Misuko isuuzwe hadi ndani, ikamuliwe kwa mikono miwili kutoka juu kwenda chini, kisha ifungwe kwa taulo kavu kabla mwili haujapakwa chochote.

Sabuni iwe laini, isiyo na manukato, na ipite pale inapohitajika, yaani kwapani, sehemu za siri na miguuni. Hapa naomba nisikilizwe na akina mama na mashangazi waliolelewa kama mimi: dodoki na sabuni ya dawa, au kile kifuniko cha dawa ya kuua vijidudu kinachomiminwa kwenye ndoo, havina kazi baada ya bwawa. Maji aliyotoka mtoto yamekwisha tiwa dawa, na kumsugua tena hadi ngozi ilie ni kumwondolea kinga aliyobaki nayo. Afutwe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, na angali na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu hivi, apakwe mafuta pale pale kwenye benchi la kubadilishia nguo: kwanza miundi, kisha magoti, viwiko, vifundo vya vidole na nyuma ya masikio. Mafuta hayo huufungia ule unyevu ndani. Anayesubiri hadi afike nyumbani hupaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, na hata akipaka kwa wingi faida yake ni ndogo.

Kuhusu aina ya mafuta, vaselini isiyo na manukato ni ya kutegemewa na bei yake ni nafuu. Mafuta ya nazi hufaa mwilini, ingawa usoni huziba vinyweleo vya watu wenye chunusi. Siagi ya shea ni nzuri kwa visigino na viwiko. Glisirini, ambayo nyumbani haikosekani, isipakwe tupu katika hewa kavu ya baridi, kwani yenyewe huvuta maji, na hewa ikiwa haina unyevu, huyavuta kutoka kwenye ngozi. Ichanganywe na maji, ipakwe kwenye mwili uliolowa, kisha ifuatiwe na mafuta mazito.

Wanaokuja likizo Julai na Agosti wakumbuke kuwa huo ndio msimu wetu wa baridi. Mtoto anayetoka bwawani Arusha saa kumi jioni hukutana na upepo mkavu unaokausha ngozi upesi, kwa hiyo kanga au taulo na kopo la mafuta vikae kando ya bwawa, visiachwe chumbani. Desemba, Moshi ikijaa wageni wa Krismasi, adui ni jua. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hata ngozi nyeusi huungua na kubambuka. Losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi ipakwe kabla ya kuingia majini na irudiwe kila baada ya saa mbili na kila mtu anapojifuta. Kwenye hoteli ndogo, ni vyema kumuuliza mhudumu dawa ya bwawa iliwekwa saa ngapi, kwa kuwa kuingia mara tu baada ya kumwagwa ni kujitafutia muwasho. Chemka, kule wilayani Hai, ni maji ya chemchemi yasiyo na klorini, lakini jua lake ni lile lile.

Jambo la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi. Ngozi nyeusi ikishawashwa na kukunwa huacha madoa meusi yanayoweza kudumu miezi, na wapo wanaoagiza tyubu kutoka nyumbani ili kuyafuta. Nyingi ya tyubu hizo zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, na mikorogo mingine ina haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Steroidi kali ikitumiwa kiholela hukondesha ngozi, na ya mtoto huathirika upesi zaidi. Madoa yaachwe yafifie yenyewe huku ngozi ikilainishwa kila siku na kukingwa jua. Muwasho usipopoa kwa wiki mbili, ngozi ikipasuka na kutoa majimaji, au vipele vyenye usaha vikitokea siku moja au mbili baada ya kuoga kwenye jakuzi, mgonjwa aonwe na daktari. Aliye likizoni Moshi ana bahati, kwani kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwapo katika hospitali ya KCMC tangu 1992. Aliye Ulaya amweleze daktari waziwazi kwamba kwenye ngozi yake wekundu hauonekani kirahisi, na kwamba palipovimba hugeuka kijivu, zambarau au weusi uliokolea, kisha ampe mkono apapase mwenyewe asikie joto na ukavu wake.