Umekatwa pesa kwenye kadi bila idhini yako: namna ya kuzidai

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia dada yangu kufuatilia pesa zilizokatwa kwenye kadi yake. Dai lake la kwanza lilikataliwa, ingawa pesa zilikuwa haki yake kabisa. Alikuwa amedai kwa sababu isiyo sahihi. Ndiyo maana hatua ya pili ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Zuia kadi

Tumia programu ya benki, au piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Usitafute namba ya benki mtandaoni, matapeli huweka za kwao humo. Ukipigiwa na "mtu wa benki" akataka umsomee msimbo ulioingia kwenye simu yako, kata simu. Msimbo huo ndio utakaoidhinisha wizi wa pili.

Hatua ya 2: Jua ni wizi au ni mgogoro na muuzaji

Usianze na jina tu. Jina linaloonekana kwenye taarifa ya akaunti mara nyingi si la duka unalolijua. Huwa ni la kampuni mama au la kampuni inayopokea malipo kwa niaba yake. Litafute jina hilo jinsi lilivyo, kisha pekua barua pepe zako za siku kadhaa kabla, kwa kuwa tarehe ya kununua na tarehe ya muamala kuingia hutofautiana. Waulize na watu wa nyumbani, hasa kama kadi imehifadhiwa kwenye simu anayochezea mtoto.

Angalia pia kama muamala umekamilika au bado unasubiri. Hoteli na vituo vya mafuta huzuia kiasi fulani kwa muda, kisha hukiachia chenyewe. Benki nyingi hazipokei dai mpaka muamala ukamilike, lakini kama ni wizi toa taarifa papo hapo.

Kama hujawahi kushughulika na muuzaji huyo, huo ni wizi. Usipuuze makato madogo sana: wezi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kuchota kikubwa.

Kama uliwahi kumpa namba ya kadi, tuseme kwa huduma ya majaribio ya bure, kisha akaendelea kukata baada ya wewe kujiondoa, huo ni mgogoro na muuzaji. Hapa ndipo dada aliponasa. Aliiambia benki "sikufanya muamala huu", muuzaji akaleta barua pepe aliyojisajilia na tarehe yake, dai likaanguka. Maneno yaliyofaa yalikuwa: "Nilijiondoa tarehe hii, uthibitisho huu hapa, na bado ananikata." Mwandikie muuzaji kwanza, uhifadhi jibu lake. Akikurudishia, iarifu benki, maana ukilipwa mara mbili benki itachukua ya kwake.

Na usidhani kadi mpya itamkomesha. Visa na Mastercard zina huduma inayowapelekea wauzaji namba mpya ya kadi ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Jiondoe kwa muuzaji mwenyewe, kisha iombe benki kwa maandishi izuie malipo yake.

Hatua ya 3: Dai kwa maandishi

Simu ni ya kuzuia kadi tu. Dai liandikwe: tarehe, kiasi, jina la muuzaji kama lilivyo kwenye taarifa, na sababu kwa sentensi moja. Ambatisha taarifa ya akaunti ya PDF. Picha ya skrini huacha nusu ya maelezo. Usiondoke bila namba ya kumbukumbu. Kwa wizi, kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida huipa benki siku 120 kupinga muamala, lakini benki yako inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi, kwa hiyo peleka siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Fuatilia

Benki ikikurudishia pesa kwa muda, usizitumie. Inaweza kuzichukua uchunguzi ukienda vibaya. Ukikataliwa, omba sababu na ushahidi wa muuzaji kwa maandishi, ujibu hoja moja baada ya nyingine. Wakishikilia msimamo, peleka jalada lote kwa kitengo cha malalamiko cha benki, kisha kwa mamlaka inayosimamia mabenki katika nchi yako.