Namna ya kuwaenzi wazee wa vita ya Kagera pale pale kijijini kwenu

Kila tarehe 25 Julai tunaangalia Siku ya Mashujaa kwenye tivii, mkuki na ngao vinawekwa pale mnarani, sime, shoka, upinde na mshale, tarumbeta linalia mpaka mwili unasisimka, afu kesho yake yule mzee aliyeingia Uganda na jeshi letu la Tanzania mwaka 1979, kwenye ile vita ya Kagera tuliyopigana na Idi Amin, amekaa barazani kwake na hamna hata mmoja aliyempigia hodi. Kwetu tumeanza na wazee wanne tu, na hivi ndo tulivyofanya.

Anzeni na majina. Chukua daftari kubwa, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, uliza nani alienda vitani 78 na 79, ila usiulize "wanajeshi" peke yake maana utatajiwa wawili basi, na mgambo wote wataachwa, wakati walienda wengi mno, watu walitoka shambani wakapewa mafunzo wakapandishwa malori. Andika na waliofariki na wajane wao. Uliza pia kama kuna aliyepelekwa na jeshi kupigana Msumbiji, wenzao waliofia huko wamezikwa Naliendele, Mtwara.

Kinachofuata ni kuwasikiliza, na hapa msikimbie. Nenda asubuhi mzee hajachoka, mwombe ruhusa ya kurikodi, simu ilaze mezani isimkodolee macho. Usimuulize kabisa aliua wangapi! Muulize walikula nini, walilala wapi, nani alikuwa pembeni yake. Babu yangu miaka yote jibu lake lilikuwa "tulipigana, tukarudi", siku nilipomuuliza habari ya chakula ndo akafunguka, akaeleza walivyouvuka mto Kagera wakati daraja la Kyaka limeshabomolewa, akamtaja rafiki yake wa Tabora waliyekuwa wanagawana naye biskuti nusu kwa nusu, hapo akanyamaza, akawa anakunja na kukunjua kona ya shuka lake. Nilikaa kimya tu. Baada ya muda akaendelea mwenyewe. Ukikimbilia swali jingine pale umeharibu.

Medali na picha piga picha kwa simu halafu warudishie wenyewe siku hiyo hiyo, usiseme nitaleta kesho. Medali ya babu imefungwa kwenye kipande cha khanga chini ya sanduku, na ndo mahali pake.

Siku yenyewe ya tarehe 25 ongea na mwalimu mkuu mapema ili wanafunzi waje. Viti vya mbele kivulini ni vya wazee na wajane, kiongozi akikosa kiti asimame. Hotuba ziwe fupi, kinachotakiwa ni majina yasomwe yote, taratibu, na anayesoma aulize kabla yanavyotamkwa maana familia inaumia jina la baba yao likikosewa. Mchango wa chakula uandikwe, kila mtu aone.

Ila kama hamna hela ya shughuli, wekeni zamu. Nani anampeleka mzee kliniki, nani anaziba bati linalovuja, nani anamfuatilia mjane makaratasi yake. Kwa maoni yangu hiyo inazidi hata shada la maua.

Mkiweza, wapelekeni Kaboya, kule Muleba, walikozikwa wenzao. Eneo liko chini ya jeshi, kwa hiyo tangulizeni barua ya serikali ya kijiji, msiende kuvamia. Bebeni maji na kiti cha kukunja, wazee wanasimama muda mrefu kuliko magoti yao yanavyoruhusu. Babu alipita kati ya makaburi kofia mkononi, hakuongea mpaka tuko kwenye gari, ndo akaniambia nimwandike yule wa Tabora kwenye daftari letu, ingawa si mtu wa kijiji chetu. Nimemwandika ukurasa wa kwanza.