Kuipa SD40-2 ya modeli mngurumo wake

Wengi wanaotaka kichwa cha treni ya modeli kilie kama cha kweli hukimbilia kununua dekoda ya bei kubwa, yaani kile kibao cha elektroniki kinachokaa ndani ya kichwa, kikaendesha mota na kutoa sauti, halafu wanaifunga na spika yoyote iliyo karibu. Mimi naanzia upande wa pili. Dekoda za siku hizi, iwe ESU LokSound 5 au SoundTraxx Tsunami2, zina rekodi nzuri kuliko uwezo wa spika nyingi kuzitoa. Kwa hiyo muda na pesa zangu naviweka kwenye spika na kisanduku chake. Hapa nitatumia SD40-2, kichwa cha dizeli cha kampuni ya EMD ya Marekani, katika kipimo cha HO, yaani 1:87, kwa kuwa ndiyo iliyo mezani kwangu, na wenzake wakubwa nawasikia wakipita hapa Minneapolis.

Kwanza hakikisha faili ya sauti ni ya injini yenyewe. SD40-2 ina injini ya 645E3: silinda 16, mipigo miwili, na turbo. Kila silinda huwaka katika kila mzunguko. Ikiwa kwenye sailensa, mizunguko kama 300 kwa dakika, silinda zote pamoja huwaka mara 80 kwa sekunde; dereva akifika hatua ya 8, ya juu kabisa kwenye mkono wa nguvu, mizunguko ikiwa 900 hivi, zinawaka mara 240. Ndiyo maana EMD ikikaza huisikii ikipiga pigo moja moja. Unasikia mvumo mzito, na juu yake mluzi wa turbo. Mluzi huo upo hata treni ikiwa imesimama, kwa sababu turbo ya EMD huzungushwa na gia mpaka moshi upate nguvu ya kuizungusha wenyewe. Sisi tuliokulia kando ya reli ya TAZARA masikio yetu yamezoea kichwa kingine cha dizeli, GE U30C. Injini yake ya FDL ni ya mipigo minne, na ikisimama inadunda taratibu, pigo baada ya pigo. Ukiweka sauti ya FDL ndani ya SD40-2, hakuna spika itakayokuokoa. Kwenye Tsunami2 aina ya injini huchaguliwa kwa CV 123; CV ni namba ya mpangilio ndani ya dekoda unaoweza kuubadilisha. Kwenye LokSound faili hupakiwa kwa kifaa cha LokProgrammer. Kama huna, mwambie muuzaji akupakie kabla hajaituma.

Sasa spika. Spika hutoa mawimbi mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na yakikutana hewani yanauana, hasa yale ya besi. Spika isiyo na kisanduku ni ngozi ya ngoma iliyowambwa bila mzinga. Kwa hiyo kisanduku lazima kiwepo, na lazima kizibe kabisa. Vile vya plastiki vinavyokuja na spika ndogo za milimita 11 kwa 15 vinafaa, lakini SD40-2 ina urefu wa sentimita 24 hivi na nafasi ya kutosha nyuma, chini ya feni za rejeta. Mimi hukata plastiki ya unene wa milimita 1 na kutengeneza kisanduku kipana kadiri bodi, yaani gamba la nje la kichwa, inavyoruhusu, kisha napitisha gundi nyeupe kwenye kila kona kwa ndani na kwenye tundu la nyaya. Tundu la nyaya ndilo watu husahau. Hewa ikivuja hapo, utasikia mlio wa kukwaruza honi inapopigwa.

Usitarajie spika ya ukubwa huo itoe zile 80 kwa sekunde. Haiwezi. Kinachokufanya uisikie injini ni sauti za juu zinazoambatana na huo mvumo, na sikio lenyewe hujaza kilichobaki. Spika za simu za zamani pia zinafanya kazi nzuri ajabu, maana zilibuniwa kutoa sauti kubwa ndani ya nafasi finyu. Muulize fundi simu wa mtaani kwako. Huenda ana boksi zima la vipuri ambavyo hana kazi navyo.

Angalia omu za spika, yaani kipimo cha ukinzani wake wa umeme, kabla ya kuunganisha. LokSound 5 inakubali spika kuanzia omu 4. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, sawa kabisa. Lakini LokSound za zamani, 3.5 na zilizotangulia, zilitaka omu 100. Ukizipa spika ya omu 8 utaunguza amplifaya ya dekoda. Ukitumia spika mbili, ziguse kwa nyaya za betri ndogo ya volti 1.5, mguso wa haraka tu, utazame utando. Zote ziruke upande mmoja. Moja ikienda nje na nyingine ndani, geuza nyaya za moja, la sivyo besi yote itapotea.

Nyaya nyingine hazina mambo mengi. Nyekundu na nyeusi zinaleta umeme kutoka kwenye reli, ya chungwa na ya kijivu zinaenda kwenye mota, bluu ni ya pamoja kwa taa, nyeupe taa ya mbele, njano taa ya nyuma. Za spika kwa ESU ni kahawia, kwa SoundTraxx zambarau. Mota isiguse fremu kwa upande wowote. Pima kwa mita kabla ya kuwasha chochote. Weka na kapasita ya akiba, ya kutunza umeme kidogo, kama kuna nafasi, maana injini inayokatika mngurumo kila ikipita juu ya vumbi haimdanganyi mtu.

Jaribio la kwanza lifanyie kwenye reli ya kuprogramu, kile kipande kilichotengwa kwa kupanga dekoda, ambako umeme ni mdogo. Soma CV 8. Ukipata 151 ni ESU, 141 ni SoundTraxx, na hapo unajua dekoda iko hai na nyaya zimekaa.

Halafu inakuja kazi ninayoipenda kuliko zote, kupunguza. Ukisimama mita 1 kutoka kwenye treni ya HO, ni sawa na kuwa mita 87 kutoka kwenye ya kweli. Umbali huo husikii kila vali ikitema hewa. Sauti kuu ya LokSound iko CV 63, kati ya 0 na 192. Naishusha hadi karibu 80, kisha nashusha honi na breki zaidi ya injini. Punguza na besi kwenye ikolaiza: nguvu iliyokuwa ikipotea kwa sauti ambazo spika haiwezi kutoa itabaki kwa zile inazoweza.

Baada ya hapo panga uzito wa mwendo. Kwenye LokSound, namba ya CV 3 ukizidisha kwa 0.25 unapata sekunde za kutoka kusimama hadi kasi ya juu. Mimi naweka 120, yaani sekunde 30. Injini inaanza kukaza, na treni inasogea taratibu nyuma ya sauti yake, jinsi tani 160 na zaidi zinavyosogea. Kwenye faili za sauti za LokSound ziitwazo Full Throttle, tumia kitufe cha Drive Hold: kasi inabaki palepale huku wewe ukipandisha injini hadi hatua ya 8 kwa ajili ya mlima, au ukiishusha kwenye mteremko.

Kabla ya kufunga bodi, gonga kwa kidole kila kioo cha dirisha na kila reli ya mkono. Kinachotetemeka kishike kwa tone la gundi. Na kama utavuta treni kwa vichwa viwili vyenye faili moja, zima honi na kengele ya cha pili, ukishushe sauti kidogo, na uwashe injini yake sekunde kadhaa baada ya cha kwanza ili mingurumo isiende sawasawa.