Kupima asidi ya sialiki kwa rangi: njia ya Warren na kemia yake

Katika kipimo alichokichapisha Leonard Warren mwaka 1959, rangi ya waridi unayoisoma kwenye spektrofotometa (kifaa kinachopima mwanga unaonyonywa na rangi) haitoki kwa asidi ya sialiki nzima (sukari yenye asidi inayokaa kwenye ncha za minyororo ya sukari juu ya seli na protini). Inatoka kwa kipande cha kaboni 4 kilichobaki baada ya molekuli ya kaboni 9 kukatwa, kisha kikaungana na molekuli mbili za asidi ya thiobabituriki. Kila hatua ya kipimo ipo ama kukizalisha kipande hicho ama kukilinda. Ukiielewa hivyo, siku rangi inapogoma utajua pa kutafuta.

Tutatumia seramu ya ng'ombe. Wanaochunguza nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, wanakihitaji sana kipimo hiki, maana vimelea vyake, Trypanosoma vivax na T. congolense, vina kimeng'enya cha sialidasi kinachong'oa asidi ya sialiki kwenye utando wa seli nyekundu. Seli zilizovuliwa hivyo huondolewa upesi kwenye damu, na hiyo ni mojawapo ya njia ambazo mnyama hupungukiwa damu.

Kinachotokea ndani ya neli

Asidi ya N-asetilinyuraminiki (NANA), aina kuu ya asidi ya sialiki, ina mkia wa kaboni ya 7, 8 na 9, kila moja ikiwa na kundi la haidroksili. Periodeti, kitendanishi kinachooksidisha, hukata pale kaboni mbili jirani zinapobeba haidroksili huru, au moja haidroksili na nyingine aldehaidi. Kwa hiyo huanza na mkia: kaboni ya 9 hutoka kama fomaldehaidi, ya 8 kama asidi ya fomiki, na ya 7 hubaki ikiwa aldehaidi.

Hapo bado hakuna rangi. Oksijeni ya kaboni ya 6 ndiyo inayofunga pete kwa kushikana na kaboni ya 2. Pete ikifunguka, kaboni ya 6 hupata haidroksili huru, periodeti hukata kati ya 6 na 7, na aldehaidi mpya hutokea kwenye kaboni ya 6. Katika joto na asidi, kifungo kati ya kaboni ya 4 na ya 5 huvunjika, na kinachobaki ni asidi ya beta-fomilipiruviki, yaani kaboni ya 1 hadi 4. Hiyo ndiyo inayoshikana na thiobabituriki na kutoa rangi yenye kilele cha nanomita 549.

Sasa sababu ya kuhaidrolisi, yaani kuiachilia asidi ya sialiki kwa asidi na joto kabla ya kuanza, ni wazi. Asidi ya sialiki iliyofungwa kwenye protini imebanwa kwenye kaboni ya 2, pete yake haifunguki, na periodeti haipiti kaboni ya 7. Haitoi rangi. Upande mwingine, hilo ni faida: sampuli isiyohaidrolisiwa hukupa asidi iliyo huru peke yake, na tofauti kati ya jumla na huru hukupa iliyofungwa.

Vitendanishi

Periodeti: yeyusha gramu 1.07 za sodiamu metaperiodeti katika mililita 9 hivi za maji yaliyokenekwa, ongeza polepole mililita 15.3 za asidi ya fosforiki ya asilimia 85 huku chombo kikipozwa, kisha jaza maji hadi mililita 25.

Aseniti: gramu 10 za sodiamu aseniti na gramu 7.1 za sodiamu salfeti isiyo na maji, katika mililita 100 za asidi ya salfuriki ya 0.1 N. Aseniti ni sumu kali na husababisha saratani. Vaa glavu, pima ndani ya kabati la kuvuta mvuke, usivute pipeti kwa mdomo, na kusanya mabaki yote kwenye chombo chake chenye lebo. Usiyamwage kwenye sinki, na yasikutane na zinki: asidi, zinki na aseniti vikikutana hutoa gesi ya asini, ambayo huua.

Thiobabituriki: gramu 0.6 na gramu 7.1 za sodiamu salfeti katika mililita 100 za maji. Huyeyuka kwa shida, kwa hiyo pasha moto. Usiiweke kwenye friji, itaganda chini na utapipeti maji yenye nguvu pungufu bila kujua.

Kiwango: miligramu 7.73 za NANA katika mililita 100 za maji. Mikrolita 40 zina mikromoli 0.01. Tengeneza neli za 0 hadi 0.05, na usivuke hapo.

Utaratibu

Changanya mikrolita 50 za seramu na mikrolita 950 za asidi ya salfuriki ya 0.1 N. Weka kwenye maji ya nyuzi 80 kwa saa 1, kisha poza. Ukizidisha muda au asidi, unaanza kuiharibu ile ile uliyoiachilia. Ukipunguza, sehemu inabaki imefungwa.

Chukua mililita 0.2, ambazo zina mikrolita 10 za seramu. Ongeza mililita 0.1 za periodeti, tikisa, acha dakika 20 kwenye joto la chumba. Ongeza mililita 1 ya aseniti: itatokea rangi ya manjano-kahawia, ambayo ni iodini. Tikisa mpaka iishe kabisa. Wengi huharakisha hapa, na hapa ndipo kipimo huharibika, kwa sababu periodeti au iodini iliyobaki huishambulia thiobabituriki kabla haijafanya kazi yake.

Ongeza mililita 3 za thiobabituriki, tikisa, funika mdomo wa neli kwa gololi ya kioo, na chemsha dakika 15 kwenye maji yanayotokota kweli. Poza dakika 5 kwenye maji baridi. Rangi ikififia kidogo au mchanganyiko ukiwa na ukungu, usihangaike. Chukua mililita 1, tikisa na mililita 1 ya saikloheksanoni, zungusha kwenye sentrifuji dakika 3, na usome tabaka la juu. Tumia kyuveti (vichupa vya kusomea) za kioo: saikloheksanoni huyeyusha zile za plastiki ya polistaireni, nazo huwa na ukungu mbele ya macho yako.

Hesabu na vizuizi

Soma mara mbili, kwenye 549 na 532. Deoksiribosi kutoka kwenye DNA, na mafuta yaliyooksidika, hutoa malonaldehaidi, ambayo rangi yake ina kilele cha 532 na huingia kwenye usomaji wako. Fomula ya Warren huiondoa:

mikromoli za NANA = 0.090 × usomaji wa 549 − 0.033 × usomaji wa 532

Ukipata 0.30 na 0.20, jibu ni 0.0204 katika mikrolita 10, yaani milimoli 2.04 kwa lita. Bila masahihisho, yaani kwa 0.0754 × usomaji wa 549 peke yake, ungeandika 2.26. Linganisha uwiano wa 532 kwa 549 wa sampuli na ule wa viwango vyako: ukizidi sana, seramu ina seli zilizopasuka au mafuta mengi, na fomula haitaiokoa kikamilifu.

Kwa ng'ombe kuna jambo la ziada. Baadhi ya asidi zake za sialiki zina makundi ya asetili kwenye mkia, na makundi hayo huzuia periodeti. Loweka sampuli kwenye sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M dakika 45 kwenye barafu, iondolee ualkali, kisha haidrolisi. Matokeo yakipanda, asetili ilikuwepo. Pia ng'ombe ana aina ya N-glaikolili, ambayo haitoi rangi sawasawa na NANA, kwa hiyo andika matokeo kama "kiasi kinacholingana na NANA".

Ukitaka jumla tu bila kuhaidrolisi kwanza, njia ya resosinoli ya Svennerholm, inayosomwa kwenye 580, hupima huru na iliyofungwa pamoja. Ila heksosi na pentosi huingiza rangi ya kahawia, na kwenye seramu, ambayo ina glukosi na protini zenye sukari, sisi tungebaki na ya Warren.