Ukitaka Kubishana Kuhusu Emo, Leta Gitaa

Nafundisha gitaa hapa Kondele, Kisumu, kwenye chumba kimoja juu ya duka la nafaka. Kila Jumamosi wanafunzi wawili hubaki nyuma baada ya somo wakibishana. Kijana anasema emo, ile roki ya hisia iliyozaliwa kwenye panki ya Marekani, si mtindo wa muziki, ni neno ambalo watu humbandika kila mwimbaji mwenye huzuni. Mwenzake, binti anayepanda matatu kutoka Maseno, anaapa kwamba mtindo upo na unasikika. Nimewasikiliza miezi mingi, na haya ndiyo ninayowaelekeza.

Anzeni na mwaka. Kabla hujajibu hoja yoyote, muulize mwenzako: emo ya lini? Akisema 1985, anazungumzia Washington, D.C., na bendi ya Rites of Spring, waliochukua panki, ile roki ya kasi na kelele, wakaimba mambo ya moyoni mpaka sauti inakwaruza. Akisema 1999, huenda ana bendi ya American Football na albamu yao ya mwaka huo kichwani, vijana wa chuo kule jimbo la Illinois, Marekani, wenye gitaa safi na tarumbeta inayochomoza mara mojamoja. Akisema 2006, basi ni bendi ya My Chemical Romance na albamu yao The Black Parade, roki kubwa ya kujaza uwanja. Mabishano mengi niliyoyasikia yaliishia papo hapo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitetea mwaka wake.

Hoja mbili nimezipiga marufuku chumbani mwangu. Ya kwanza ni mavazi ya mashabiki wa emo, nywele kufunika jicho na nguo nyeusi, maana hizo hazitoki kwenye spika. Ya pili ni ile ya "wenyewe wamelikataa jina." Ni kweli Ian MacKaye wa bendi ya Embrace alilidharau neno hilo akiwa jukwaani, na Gerard Way wa My Chemical Romance naye alilikataa. Lakini tazama kwetu. D.O. Misiani aliongoza bendi iliyoitwa Shirati Jazz, na ukisimama leo soko la Jubilee ukasema wale walipiga jazi, utasahihishwa na mama anayeuza omena. Ni benga, muziki wetu wa gitaa wa Kijaluo. Vidole vimetoa ushahidi, hata kama jina la bendi linasema vingine.

Hoja ngumu ni ile ya yule kijana: "Mwalimu, kuna muziki gani usio na hisia?" Usiipuuze, ndiyo nzito kuliko zote. Ukijaribu kuijibu kwa maana ya neno utashindwa, kwa sababu neno lenyewe limetokana na "emotional" la Kiingereza, yaani lenye hisia, na kila wimbo unazo. Mjibu kwa ukoo. Illinois kulikuwa na bendi iliyoitwa Cap'n Jazz (nao hawakupiga jazi). Mpiga ngoma wao, Mike Kinsella, ndiye baadaye aliyeshika gitaa na kuimba American Football. Mkono ulimfundisha mkono, na jina likafuata nyuma.

Kisha chukua gitaa. Kaza uzi mnene wa E nusu toni ufike F. Uzi wa A uache. Legeza wa D ushuke hadi C, wa G uache, kaza wa B upande hadi C, na ule mwembamba wa E usiuguse. Hivyo ndivyo lilivyotyuniwa gitaa kwenye wimbo unaofungua albamu ile ya American Football ya 1999. Sasa donoa nyuzi wazi mojamoja, bila kushika freti yoyote. Sauti inabaki hewani, haikai chini. Nilipompa yule kijana, gumba lake lilianza kutembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kikichezea juu, kama nilivyomfundisha kwenye omutibo, mtindo wa kudonoa gitaa wa magharibi mwa Kenya, wa George Mukabi. Alinyamaza kitambo, akasema, "Hii siwezi kuipiga kwa tyuni ya kawaida." Hapo nikamwambia ameshajibu nusu ya swali lake.

Nusu nyingine lazima mtetezi wa emo aikubali, na binti wa Maseno ilimuuma. Nilirudisha tyuni ya kawaida, nikawasha distoshini inayokwaruza sauti ya gitaa, nikapiga kodi nzito za mwaka 2006. Hakuna sikio, hata liwe la mwalimu, litakalosikia kwamba hiyo na ile ya 1999 zimetoka nyumba moja. Kwa hiyo mimi nasimama hapa: emo ni jina lenye maana likitajwa pamoja na mwaka wake. Likisemwa peke yake, linamwacha msikilizaji akikisia. Binti alitaka nimwongezee "na Rites of Spring je?" Nikamwambia alete wimbo Jumamosi ijayo, tuutafute kwa vidole.

Mkimaliza, legezeni uzi wa B na ule mnene wa E zirudi mahali pake kabla ya kulitundika gitaa. Nyuzi tunazonunua hapa mjini hazivumilii kuachwa zimekazwa usiku kucha.